Nguruwe Aliyezindua Choo

Notburga Komba alikuwa na mdomo. Mtaa mzima wa Lizaboni ulijua hilo, na ambaye hakujua basi hakuwahi kusimama mbele ya meza yake ya mitumba pale sokoni. Mteja akiichukua blauzi, akaigeuza, akairudisha, akaichukua tena, Notburga alimwambia, "Mama, hiyo blauzi haiumwi. Huna haja ya kuipima joto." Aliyecheka alinunua. Aliyenuna alinunua pia, kwa sababu kuondoka mikono mitupu baada ya maneno yale ilikuwa aibu zaidi.

Alizaliwa Mpitimbi kwa wakulima wa mahindi, akabatizwa jina ambalo kijiji kizima hakikuweza kulitamka vizuri isipokuwa sista aliyelichagua. Akakua, akaolewa mjini Songea na Ildefonsi Mapunda, fundi seremala, mwanamume mpole, mrefu, na mtaratibu hata kuku walimpita njiani. Ildefonsi alitengeneza vitanda na majeneza. "Mume wangu anakuhudumia unapoanza na unapomaliza," Notburga alipenda kusema. "Ya katikati utajijua mwenyewe."

Zamani, enzi za foleni na maduka matupu, nguo za mtumba watu waliziita kafa Ulaya, na mtu alizivaa akiangalia pembeni. Ilipokuja miaka ya ruksa, kila kitu kikaruhusiwa. Malori yakashusha marobota, aibu ikaisha, na Notburga akaacha kukaanga vitumbua akaingia kwenye nguo. Humo kwenye marobota hamkukosa vioja. Alipata gauni la harusi lenye doa la mvinyo, akapata koti la manyoya ambalo liligombaniwa baridi ya Juni ilipoanza kuuma, akapata na chupi ya kuogelea ya kiume ambayo mzee mmoja aliinunua akidhani ni kofia.

Siku moja, katikati ya mashuka, akakuta aproni. Ilikuwa ya kitambaa kizito, na kifuani ilikuwa na maandishi ya lugha ambayo hata walimu waliopita sokoni walishindwa kuitambua. Lakini ilikuwa na picha, zimepangana kuanzia juu kushuka chini: nguruwe anayecheka, sijui anacheka nini, ubavu wake umetandazwa, mkono unanyunyiza chumvi, nyuki, kijumba chembamba chenye mlango mmoja na bomba linalotoa moshi, na chini kabisa mwanamume mnene amefumba macho, ameshika mfupa kwa mikono miwili kama anayesali. Waislamu hawakuigusa. Wakristo walisema watu wazima hawatembei na nguruwe kifuani. Notburga akaivaa mwenyewe.

Sasa, Ildefonsi naye alikuwa na kioja chake. Kazi kubwa ya maisha yake haikuwa kitanda wala jeneza. Ilikuwa choo. Choo cha zamani kilikuwa kimeanza kuinama, na mtu akiingia alijikabidhi kwa Mungu kwanza. Ildefonsi akachimba shimo jipya, akachoma tofali, akamwaga sakafu ya zege akaisugua mpaka ikang'aa, akaweka bati jipya na bomba refu la kutolea hewa. Mlango ulikuwa wa mninga, nao aliutoboa tundu lenye umbo la moyo, kama alivyowahi kuona misheni alikojifunzia ufundi. Muda aliotumia, wengine wanajenga nyumba na kuhamia na kuzaa humo.

Kilipokamilika akakifunga kwa kufuli.

Mara ya kwanza alisema zege halijakomaa. Baadaye akasema rangi ya mlango haijakauka. Kisha zikaja zile mvua kubwa za Elnino, barabara zikakatika, migomba ikalala, na Ildefonsi akasema choo kipya hakizinduliwi kwenye matope. Kweli yenyewe alimwambia mkewe siku moja wakila: alitaka Padre akija siku ya somo, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jumuiya yetu, apite nyumbani, abariki kiwanja, akione. Basi. Akione tu.

"Wanaume wengine wanaficha wanawake," Notburga akasema. "Wa kwangu anaficha choo."

Somo wa jumuiya yetu alikuwa Mtakatifu Antoni Abati. Jumuiya nyingine zilijaliwa watakatifu wenye malaika, maua na wanakondoo. Sisi tulipewa mzee mwenye ndevu na nguruwe miguuni. Hatukulalamika. Kila mwaka katikati ya Januari tulichinja nguruwe kwa heshima yake, na sijawahi kusikia jumuiya ya mwanakondoo ikishiba kama sisi.

Mwaka ule nguruwe alinona vizuri. Tulikutana nyumbani kwa Mzee Kajetani, mwenyekiti, kugawana kazi. Kila mama alipewa kipande cha kwenda kupika kwake na kukileta Jumapili. Mgawaji alikuwa Adela Haule, katibu, mwanamke safi na mnyoofu aliyeamini kwamba Mungu naye angekuwa na katibu mambo mengi yasingeharibika. Adela na Notburga hawakuwa wanaiva chungu kimoja. Sababu ilikuwa sketi. Adela aliijaribu sokoni mbele ya watu, akauliza kama inamkaa, na Notburga akamjibu, "Inakukaa, ila uache kupumua."

Adela akajipa paja. Shingo ikaenda kwa huyu, maini kwa yule. Mwisho akamgeukia Notburga, akasema, "Na Mama Pamela atachukua mbavu."

Watu wakakohoa. Siku hizo mbavu hazikuwa kitu. Ziliingia kwenye supu, au alipewa mkwe asiyependwa. Mzee Kajetani akaitazama fimbo yake.

"Mbavu," Notburga akarudia.

"Kama ni nyingi kwako, sema," Adela akasema kwa upole uliokuwa umepigwa pasi.

Notburga angeweza kunyamaza. Lakini mdomo ulikwisha kuondoka. "Hazinitoshi hata. Nitawaletea mbavu za moshi, wanazokula Wazungu. Mtaguguna mpaka mfupa uombe msamaha."

"Moshi?" Adela akacheka. "Mbona moshi tunao kila siku jikoni, na hatujawahi kuupakua."

Akina mama wakacheka, na Notburga akabeba mbavu zake kwenye beseni, akaondoka amenyoosha shingo. Njiani ndipo ilipomjia kwamba hakuwahi hata siku moja kuona mtu akipiga mbavu moshi. Samaki, ndiyo, aliwahi kuona wa kutoka Ziwa Nyasa. Lakini mbavu za nguruwe alikuwa amezionea kifuani mwake tu.

Akafuata picha. Ijumaa jioni alizipaka chumvi, limao, kitunguu saumu na pilipili, akazifunika. Kwa nyuki alisumbuka kidogo. Mwanzoni alidhani anaonywa kwamba moshi unavuta nyuki, baadaye akaona hapana, hawa wanataka asali. Akachukua asali ya Tunduru aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kifua, akazipaka.

Jumamosi asubuhi Ildefonsi aliondoka kwenda Mpitimbi kupeleka jeneza, lori likipenda angerudi jioni. Notburga akavaa aproni, akaning'iniza mbavu juu ya mafiga katika jiko la nje, akakoleza kuni. Jiko lile lilikuwa la nyasi na lilikuwa limechoka. Mvua iliingia upande mmoja, moshi ukatokea upande wa pili, na kuku nao walikuwa wamekimbilia humo wakazitazama mbavu kwa huzuni kama wafiwa. Baada ya muda Notburga alizigusa. Zilikuwa zimelowa kuliko alivyozileta.

Akafuta mikono kwenye aproni, akainama kutazama picha tena. Kijumba chembamba. Mlango mmoja. Bomba juu.

Akainua macho akatazama uani. Kijumba chembamba. Mlango mmoja. Bomba juu.

"Mawe, mama yangu!" akasema. "Kumbe na wao wanatumia choo!"

Lazima isemwe kwa haki yake kwamba alisita. Alisimama mlangoni mwa jiko, mvua ikimdondokea puani, akifikiria. Choo ni nini? Choo ni matumizi. Kitu kisichotumika bado hakijawa kitu. Jeneza likiwa kwenye karakana ya Ildefonsi, yeye mwenyewe aliwahi kuhifadhi mahindi ndani yake, na mahindi waliyala, na hakufa mtu. Akaenda chumbani akachukua ufunguo chini ya godoro.

Ndani palinukia saruji na mbao mpya. Palikuwa pasafi kuliko jiko lake, kuliko nyumba yake, na kama alivyosema baadaye, kuliko nyumba ya Adela. Tundu la sakafuni akalifunika kwa bati na jiwe. Akafunga mbavu kwa waya za marobota, akazining'iniza kwenye mbao za paa, chini akaweka jiko la mkaa, na juu ya mkaa matawi mabichi ya mpera. Akatoka, akafunga mlango. Baada ya kitambo moshi mweupe ukaanza kupanda kwenye bomba, taratibu, na mwingine ukatokea kwenye tundu la moyo mlangoni. Notburga akakaa kibarazani, mikono mapajani, akajisikia mtu mkubwa.

Kisha mafuta ya nguruwe yakaanza kudondoka kwenye mkaa.

Jirani yao wa upande wa chini alikuwa Kassimu, fundi cherehani, Myao wa Namasakata, mtu wa swala tano. Yeye ndiye aliyepunguza na kupanua nguo za Notburga, na walikuwa marafiki wa kugombana kila siku. Ilikuwa Ramadhani. Fundi alikuwa dirishani anashona nguo za Idd, tumbo tupu, aliposikia mlio kama wa kukaanga, akainua kichwa, akaona moshi mweusi unafumuka kwenye choo cha jirani na ulimi wa moto ukichungulia kwenye tundu la moyo. Akatupa futi shingoni, akakamata ndoo, akaruka matuta ya viazi.

"Mama Pamela! Choo kinaungua! Choo kinaungua! Kuna mtu ndani?"

"Hakuna mtu!" Notburga akapiga kelele, naye anakimbia na sufuria. "Kuna nguruwe!"

Kassimu akasimama ghafla, ndoo ikamwagikia miguuni. "Nguruwe anafanya nini chooni?"

"Nampiga moshi!"

"Kwani amekukosea nini?"

Hapakuwa na muda wa kueleza. Notburga alifungua mlango, moto ukamlamba nyusi, akavuta jiko la mkaa kwa fimbo mpaka nje. Moshi ulipopungua mbavu zilionekana zikining'inia juu, zimebadilika rangi upande mmoja, zinatiririka asali. Kassimu akaziona, akageuka haraka akatazama migomba.

"Astaghfirullahi. Mimi sijaona kitu."

"Umeona, fundi. Ziko hapo."

"Nimefunga. Macho yangu pia yamefunga." Akaanza kuondoka. Alipofika kwenye tuta la kwanza akasimama, akasema bila kugeuka, "Baba yangu alikausha samaki mto Ruvuma. Moto haukai chini ya nyama. Moto unakaa pembeni, chini unaweka sinia la maji mafuta yadondokee humo. Na moto wenyewe uwe mvivu. Ukiona ndimi, umeshaharibu."

"Ahsante, fundi."

"Mimi nimezungumzia samaki," akasema Kassimu, akaenda zake kubadili viatu.

Notburga akafanya hivyo. Mkaa akausukuma kwenye kona, sinia la maji chini ya mbavu, matawi ya mpera kidogo kidogo. Siku nzima alikaa pale na mwavuli, akifungua mlango, akifunga, akipaka asali, akipuliza, akikohoa. Meza yake sokoni ilikaa wazi bila mtu. Mchana harufu ilianza kubadilika. Kwanza ilikuwa ya kuni, kisha ya nyama, kisha ikawa kitu kingine kitamu na kizito kilichotembea juu ya matope kuelekea barabarani. Waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Mtu mmoja alisimama kwenye mvua akinusa mpaka baiskeli yake ikamwangukia.

Ildefonsi alirudi jioni, amelowa, amechoka, akaingia kwa njia ya uani. Akaona moshi. Akaona unatoka wapi. Alisimama, kofia mkononi, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta turubai la msiba na hajui nani amekufa.

"Mama Pamela."

"Baba Pamela, pole na safari."

"Nani yumo chooni kwangu?"

Notburga akamweleza. Alieleza vizuri tu, kuanzia kwenye picha, akaonyesha na aproni. Ildefonsi alisikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyokuwa, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Nimekichimba mwenyewe," akasema. "Nimekisugua kwa mikono. Hata mimi sijaingia. Hata mimi! Nimejizuia usiku na mvua, nikaenda kule kwenye kile kinachoinama. Nikasema nitasubiri. Sasa wa kwanza kukizindua ni nani? Nguruwe."

Notburga alimtazama mume wake pale juu ya ndoo, magoti yamempita masikio, na akaona kwamba lile alilokuwa akilifanyia mzaha mbele ya watu lilikuwa jambo analolipenda. Akaingia kwenye moshi, akakata ubavu mmoja, akamletea kwenye kipande cha jani la mgomba.

"Sitaki."

"Usile. Shika tu."

Akashika. Ulikuwa na joto, na yeye alikuwa na baridi. Akaunusa. Akang'ata kidogo pembeni, kama anayejaribu mbao kwa ukucha. Nyama iliachia mfupa yenyewe bila kuvutwa. Ildefonsi akafumba macho. Akala mpaka mwisho, akaulamba mfupa, akautazama pande zote kuona kama kuna mahali amesahau.

"Kuna mwingine?" akauliza.

Akala wa pili, na wa tatu. Kisha akafuta mikono. "Sikiliza. Kesho mtu yeyote asijue zimetoka wapi. Yeyote."

"Kwa Mtakatifu Antoni," Notburga akasema, na akaapa kabisa akiwa na nia njema.

Jumapili baada ya misa tulijaa kwa Mzee Kajetani. Walifunga turubai uani, mvua ikipiga juu yake, ulanzi, pombe ya mianzi, ukapita, vyakula vikafunuliwa. Paja la Adela lilikuwa kubwa, limekaangwa likakauka, na lilitaka mtu mwenye meno yake yote. Notburga akafunua beseni. Mbavu zilikuwa nyekundu za kahawia, zinang'aa. Padre Joachim, paroko msaidizi, kijana mwenye afya aliyependa jumuiya yetu kwa sababu ambazo hakuzificha, alichukua mmoja kwa adabu. Kisha akapandisha mikono ya kanzu.

Sauti iliyosikika ilikuwa ya mvua na ya watu kunyonya vidole. Mzee Kajetani, ambaye hakuwa ameng'ata nyama tangu mwaka juzi, alilia machozi kidogo. Hata Adela alichukua, kwa uma, halafu bila uma.

"Mama Pamela," Padre akasema, "hizi umepika wapi?"

"Nyumbani, Padre."

"Najua nyumbani. Kwa namna gani? Moshi huu hauwezi kukaa kwenye jiko letu la kawaida."

"Ni neema, Padre."

Mambo yangeishia kwenye neema. Lakini Ildefonsi alikuwa amekaa karibu na ndoo ya ulanzi tangu mwanzo, na Padre akaendelea kusema, akimwelekea kila mtu, "Lazima kuna kijumba maalumu. Na aliyekijenga anajua kazi. Moshi usipopata njia nzuri nyama inakuwa chungu. Huyo ni fundi kweli."

Mtu amefanya kazi miaka yote hiyo, vitanda watu wanalalia bila kumkumbuka, majeneza hakuna mteja aliyewahi kurudi kushukuru. Ildefonsi akasimama. Aliyumba, akashika nguzo ya turubai.

"Ni mimi, Padre. Tofali zangu. Bomba nimelipima mwenyewe. Mlango mninga mtupu."

"Baba Pamela," Notburga akanong'ona, "kaa."

"Na sakafu zege, Padre, unaweza kulala!"

"Nataka kukiona," Padre akasema, na tayari ameshasimama. "Na parokiani tutajenga. Twende sasa hivi, si hapo tu karibu?"

Na akina mama wakasimama, na wazee wakasimama, mwenye mwavuli na mwenye jani la mgomba, Adela mbele kabisa, maana hakutaka kuambiwa na mtu. Mtu fulani alianzisha wimbo wa somo. Tulikwenda kwa maandamano kwenye matope ya Lizaboni, Padre amekunja kanzu, Ildefonsi anaongoza kama mbeba msalaba, na Notburga nyuma ya wote, anatembea mwendo wa mtu anayepelekwa kituoni. Tulipompita Kassimu alikuwa dirishani. Alitutazama tukikata kona kuingia kwa Mapunda, akaelewa, akafunga dirisha.

Tukafika uani. Ildefonsi akanyoosha mkono.

Wimbo ulikatika, si kwa pamoja, sauti moja moja, mpaka akabaki mama mmoja kiziwi kidogo aliyemalizia ubeti. Padre aliutazama mlango. Akafungua. Akaona sakafu inayong'aa, jiko la mkaa kwenye kona, waya zinaning'inia. Akaona jiwe. Akaondoa jiwe, akainua bati, akachungulia.

"Hiki ni choo," Adela akasema.

"Hakijazinduliwa!" Ildefonsi akasema kwa uchungu.

"Tumelishwa chooni!" Adela alishika kifua, kisha tumbo, akakimbilia migombani. Wengine wawili walimfuata, mmoja kwa sababu ya kichefuchefu na mwingine kumshikia mkoba. Minong'ono ikaanza, na mtu akasema hili lifike kwa bwana afya. Notburga akasukuma watu akatokea mbele, mvua ikimtiririka usoni.

"Nani ameshawahi kuingia humo?" akauliza. "Aseme! Mume wangu mwenyewe amefungiwa nje na kufuli lake. Hicho ni chumba. Kikitumika ndiyo kitakuwa choo. Nyinyi jikoni kwenu wanalala kuku, mbuzi, na mimi nimewahi kuona mahali, simtaji mtu, panya anatembea juu ya chungu kama mwenye nyumba. Nimeshakula huko na nikasema ahsante!"

Tukamgeukia Padre. Padre alikuwa ametupa mgongo, ameegemea bomba, mabega yanatikisika. Tulidhani analia. Alipogeuka alikuwa mwekundu wa kucheka, machozi yamefika kidevuni, na ilibidi apumue mara kadhaa kabla ya kusema.

"Somo wenu," akasema, "aliishi kaburini. Miaka! Alilala humo, alisali humo, na chakula alipelekewa humo humo. Sijasoma popote kwamba aliuliza chumba kimejengwa kwa kazi gani."

Mzee Kajetani akagonga fimbo yake kwenye zege. "Mimi nina swali moja," akasema. "Zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki chache. Tulipofika kwa Mzee Kajetani hazikuwepo, na waliozila walikuwa wale waliotangulia kuondoka wakisema hawatagusa tena.

Kabla ya kuondoka pale kwa Mapunda, Padre alinyunyiza maji ya baraka uani, kwenye nyumba na karakana. Alipofika kwenye kile kijumba akauliza akibariki kama nini. Ildefonsi alifikiri sana. Alikizunguka, akapitisha kiganja kwenye mninga wa mlango. "Kibariki kama kazi yangu," akasema. Padre akakibariki hivyo.

Tangu hapo hakikuwa choo tena. Jumamosi za kawaida, Kwaresima ikiachwa pembeni, Notburga alipiga mbavu moshi na watu wakaja kununua na mabakuli. Waliziita mbavu za chooni. Aliwakemea wiki ya kwanza, wiki ya pili akaacha, na baadaye yeye mwenyewe aliita hivyo sokoni kwa sauti, wageni wakashtuka. Adela hakuja. Alimtuma mdogo wake, na bakuli lilikuwa la Adela, tulilijua wote kwa maua yake. Notburga alilijaza kuliko mengine na hakusema neno, jambo ambalo lilimtisha Adela zaidi.

Ildefonsi akaanza kuchimba shimo lingine mvua zilipopungua.

Idd ilipofika, mwisho wa Januari ile ile, Kassimu aliwaalika. Notburga alioga vizuri, akavaa gauni lisilo na harufu ya mpera, akabeba chupa ya asali. Mke wa fundi aliwakaribisha kwenye mkeka, sinia la pilau likawekwa katikati.

"Fundi," Notburga akasema, "nisamehe. Siku ile ulikuwa umefunga na moshi wangu ukakujia mpaka kwenye cherehani."

Kassimu alikuwa anamega pilau. "Ulikuja."

"Ulifanyaje?"

"Nilimwomba Mungu ageuze upepo."

"Akageuza?"

"Hakugeuza." Kassimu akatafuna pole pole, akameza. "Nadhani siku ile na Yeye alikuwa anaisikilizia hiyo harufu."

Mkewe akampiga kibao cha bega, akasema anakufuru siku ya Idd mbele ya wageni. Ildefonsi alipaliwa na mchuzi, akagongwa mgongoni mpaka akapata pumzi, na pilau likaongezwa.